Daftari la marehemu, na siri ya mwosha

Mnaopita hapa mara kwa mara mmezoea kunikuta nikihangaika na Python, Linux na simu zilizokataa kuwaka. Leo kompyuta itakuwemo pia, ila habari yenyewe ni ya watu waliokufa. Asiyependa habari za misiba arudi wiki ijayo, tutaendelea na somo la SQLite tuliloliacha katikati.

Mimi ni wa Bofu, Likoni. Kwa asiyepajua, ni ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa kusini wa bandari ya Kilindini. Lile daraja la kuelea la Liwatoni lililofunguliwa Januari 2021, wakati wa Korona, ili watu wasibanane kwenye feri, upande wetu lilitua Ras Bofu. Ni mtaa wa watu kujuana. Ukikopa mkate dukani asubuhi, jioni mama yako ameshaambiwa. Likumbukeni hilo, maana nitalihitaji huko mbele.

Mwaka jana dada mmoja wa mtaani alinijia na daftari. Sitamtaja jina wala sitasema anafanya kazi wapi. Itoshe kujua kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiwasindikiza watu fulani kliniki, kituo cha polisi, na wengine mochari. Watu gani? Mashoga, wasagaji, waliozaliwa wakaitwa wavulana wakaishi kama wanawake, na kinyume chake. Wenyewe kwa wenyewe hujiita "jamii" tu, nami nitatumia neno hilo.

Daftari ni la shule, la kurasa 96. Ndani mna majina. Kila mstari una jina, au jina la utani pale la kweli lisipojulikana, halafu tarehe, halafu neno moja au mawili: homa. Boda. Alipigwa. Alikunywa sumu. Saudia. Wote ni marehemu, na wote walikuwa watu wa jamii, wa Likoni na mitaa ya jirani.

"Mdogo wangu," akaniambia, "wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Nitilie haya ndani. Mvua ya mwezi wa tano ilinivujia, kurasa tatu zimegandana. Mwenzangu tuliyekuwa tukiandika naye angenikumbusha yaliyokuwemo, lakini naye sasa yumo humu humu."

Nikamwuliza, "Dada, kwani kwao hawakumbukwi?"

"Kwao anakumbukwa mtu mwingine," akasema.

Nilimwelewa. Nimekaa kwenye matanga kadhaa ya namna hiyo. Marehemu husifiwa kwamba alikuwa mtulivu, hana maneno na watu, ila hakujaaliwa kuoa. Rafiki zake waliomuuguza miezi sita husimama kando ya barabara, hawajui wakae na nani. Siku ya arobaini hawaambiwi. Na wapo ambao hata hayo matanga hayakuwekwa.

Sasa tuje kwenye kazi yangu. Kwa mtu anayeandika programu, ombi la dada ni la jioni moja. Unaandika hivi:

CREATE TABLE marehemu (jina TEXT, tarehe DATE, mahali TEXT, sababu TEXT);

Unaketi na chai, unaingiza mistari, unatoa nakala kwenye flash, kwisha. Sikuiandika jioni ile. Imechukua miezi, na mpaka leo hakuna jedwali la namna hiyo. Nataka kueleza sababu, kwa kuwa naona zinamhusu kila anayeunda programu za kuweka habari za watu, hata kama hajawahi kufikiria juu ya mashoga maishani mwake.

Sababu ya kwanza iko Kampala.

Oktoba 2010 gazeti moja dogo la Uganda lililojiita Rolling Stone (halikuhusiana na lile la Marekani) lilichapisha majina na picha za watu liliodai ni mashoga, pamoja na maneno ya kutaka wanyongwe. Mmoja wao alikuwa David Kato. Kato alikuwa mwalimu. Aliwahi kuishi na kufundisha Afrika Kusini, akaona jinsi nchi ile ilivyogeuza sheria zake baada ya ubaguzi wa rangi, akarudi kwao 1998 akiamini na Uganda inaweza. Yeye na wenzake wawili, Kasha Jacqueline Nabagesera na Pepe Julian Onziema, wakalipeleka gazeti mahakamani. Tarehe 3 Januari 2011 Mahakama Kuu ikaamua gazeti limevunja haki zao, likatakiwa kumlipa kila mmoja shilingi milioni 1.5 za Uganda. Tarehe 26 ya mwezi huo huo Kato alipigwa nyundo nyumbani kwake Mukono, akafa. Polisi walisema mauaji hayakuhusiana na harakati zake. Wenzake hawakukubali.

Siku ya maziko, mhubiri alianza kuwalaani mashoga huku jeneza liko mbele yake, mpaka rafiki wa marehemu akamnyang'anya kipaza sauti. Wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki wakalibeba jeneza wenyewe, na Askofu Christopher Senyonjo akaongoza sala kaburini.

Sasa tazameni ile orodha ya gazeti kwa jicho la fundi. Safu zake ni zipi? Jina, picha, mahali mtu anapopatikana. Tazameni na jedwali langu: jina, tarehe, mahali. Linakaribia kuwa jedwali lile lile. Moja limeandikwa kwa kulia na jingine kwa kuwinda, na kompyuta haioni tofauti. Faili halijui limeandikwa na nani kwa nia gani. Likitoka mkononi mwako linamtumikia atakayelishika.

Utaniambia hawa wameshakufa, nani atawadhuru? Kweli, wao hawadhuriki tena. Lakini marehemu alikuwa na chumba alichopanga na mtu. Alikuwa na simu yenye namba za watu. Ukijua fulani alikuwa wa jamii, na ukajua nani walikuwa wakikaa naye kibarazani kila jioni, umeshapata orodha ya walio hai. Nimesema Bofu watu wanajuana.

Wala hili si jambo la Uganda peke yake. Februari 2010 pale Mtwapa ulienea uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Harusi yenyewe haikuwako, lakini umati ulivamia kituo cha afya cha KEMRI na watu wakapigwa. Septemba 2015 Human Rights Watch na PEMA Kenya walitoa ripoti nzima ya mashambulizi ya aina hiyo hapa pwani. Hao PEMA ni wa hapa hapa Mombasa, wameanza 2008. Herufi zao ni za maneno ya Kiingereza, lakini Mswahili akilisikia jina lile anasikia "mahali pema", kama tunavyowaombea maiti wetu.

Na serikali nayo hupenda orodha. Februari 2015 lilitolewa agizo la rais la kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa namna ambayo ingewafungamanisha na majina yao. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hilo linavunja Katiba, na majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama zisizomtambulisha mtoto. Katika miaka hiyo hiyo lilikuja pendekezo la kutumia alama za vidole katika utafiti wa kuhesabu mashoga, makahaba na watumiaji wa dawa za kulevya. Makundi yenyewe yakakataa. Hawakukataa kutibiwa. Walikataa kidole chao kikae kwenye mashine ambayo kesho hawajui itakuwa chini ya nani. Kwa sisi mafundi lile ni somo zuri kuliko mengi tuliyofundishwa darasani.

Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 imeweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu katika data nyeti, pamoja na afya na imani. Na vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Cha kwanza kina kifungo cha mpaka miaka 14. Kwa hiyo fundi anayeweka orodha ya namna hii anashika kitu ambacho sheria moja inasema ni nyeti na nyingine inaweza kukifanya ushahidi.

Sababu ya pili ni ya kihesabu, na hii wengi huikosea.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja, fundi kama mimi, akasema, "Si uondoe majina tu? Pitisha kwenye SHA-256, weka hashi badala ya jina." Kwa wasiojua, hashi ni kama kusaga: unaingiza neno, unapata mfuatano wa herufi na tarakimu usioweza kuurudisha nyuma ukawa neno. Lakini huhitaji kuurudisha. Unachukua majina yote ya utani unayoyajua Likoni, unayasaga moja moja, unatazama lipi limetoa mfuatano ule ule. Kompyuta ya mkononi itamaliza kabla hujamwaga chai kikombeni.

Hata bila jina lolote, tarehe inatosha. Mwaka 2000 Latanya Sweeney, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta. Hiyo ni nchi ya mamilioni ya watu. Katika Bofu, ukisema "alizikwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi fulani" umeshamtaja. Maziko ya Ijumaa watu wote waliyaona.

Kwa hiyo tukaamua hakuna tarehe, ni mwaka tu. Hakuna mtaa, ni "Likoni" tu. Wengine hata mwaka tumeukata, tukasema "baada ya feri mpya kuja."

Sababu ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi, nayo haina hesabu.

Ukilitazama lile jedwali, safu inayojaa vizuri kuliko zote ni "sababu". Kila mtu anajua huyu alikufaje. Ukiuliza aliishije, mstari unabaki mtupu.

Wakenya wote wanalijua jina la Edwin Chiloba. Wengi wanalijua kwa sababu ya sanduku la chuma lililokutwa kando ya barabara Uasin Gishu, Januari 2023, na mwili wake ndani. Alikuwa na miaka 25. Desemba 2024 Mahakama Kuu ya Eldoret ikamhukumu aliyemuua kifungo cha miaka 50. Muulize mtu huko nje Chiloba alikuwa nani, atakuambia habari ya sanduku. Lakini Chiloba alikuwa mbunifu wa mavazi, na mwanamitindo wa nguo alizozibuni mwenyewe. Alikuwa anasoma chuo kikuu Eldoret huku akishona. Kabla ya sanduku palikuwa na cherehani, vitambaa, na kijana anayefikiria rangi gani ikae na rangi gani. Picha alizokuwa akizitia Instagram zilikuwa za kazi yake. Mashine ya kutafuta habari hukupa kwanza kile kilichobonyezwa na watu wengi, na watu wengi walibonyeza sanduku.

Aliyepata bahati ya kujiandika mwenyewe ni Binyavanga Wainaina. Huyu alikuwa mtu wa mtandao kabla wengi wetu hatujawa na barua pepe. Hadithi yake iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2002 ilitoka kwanza mtandaoni. Mwaka uliofuata akaanzisha jarida la Kwani?. Tarehe 18 Januari 2014, siku aliyotimiza miaka 43, akatoa mtandaoni insha akimwambia mama yake kwamba yeye ni shoga. Mama alikuwa amekufa mwaka 2000, hakuwahi kuambiwa. Katika insha Binyavanga anajiweka kando ya kitanda chake hospitalini na kumwambia lile ambalo hakuliweza akiwa hai. Desemba 2016 akasema hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Alifariki Nairobi tarehe 21 Mei 2019, akiwa na miaka 48. Siku tatu baadaye, tarehe 24, Mahakama Kuu ikakataa kuvifuta vile vifungu 162 na 165.

Watu wa kwenye daftari la dada hawakuwa na insha. Na si kwamba hawakuwako. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Gill Shepherd alichapisha makala kuhusu mashoga na wasagaji wa Mombasa, na 1998 Deborah Amory akachapisha yake juu ya pwani ya Waswahili. Neno "shoga" lenyewe ni letu, wanawake wa pwani huitana hivyo kwa mapenzi. Maisha yale yamo vitabuni, maktaba za ng'ambo, kama mfano wa hoja fulani. Aliyekuwa akipika biriani ya harusi na kuwachekesha wanawake jikoni hana jina humo, wala sisi tuliokula biriani hatujui kaburi lake liko wapi.

Nikaanza kutafuta wengine walifanyaje. Marekani, Novemba 1998, mwanamke aliyebadili jinsia aitwaye Rita Hester aliuawa Boston. Gwendolyn Ann Smith, naye vivyo hivyo, alikuwa akizungumza na wenzake mtandaoni, akagundua kwamba hawakumkumbuka Chanelle Pickett aliyeuawa maeneo yale yale miaka mitatu nyuma. Akajenga tovuti ya kuwaorodhesha waliouawa, na kutokana nayo ikazaliwa siku ya kumbukumbu inayofanywa kila tarehe 20 Novemba. Ni kazi kubwa. Lakini ile ni orodha ya vifo, nayo ilijengwa mahali ambapo aliyeijenga angeweza kuweka jina lake chini.

Kilichonifaa zaidi hakikuwa cha kompyuta. Ni lile shuka la viraka la UKIMWI, ambalo Oktoba 1987 lilitandazwa Washington likiwa na viraka 1,920. Kila kiraka kina urefu wa futi 6 na upana wa futi 3, kadiri ya kaburi. Hakuna safu za kujaza. Waliompenda marehemu ndio wanaoamua kushona nini, na viko viraka vyenye jina la kwanza tu au la utani. Nikasema, basi, tusiwe na safu. Kila marehemu awe na ukurasa wake, na walioishi naye waamue kitakachokaa humo.

Hapo ndipo dada akanikumbusha methali: aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Akanisimulia kisa. Kuna mmoja katika daftari aliyeishi kama mwanamke tangu ujana. Alipokufa pakawa na mabishano uani, nani amwoshe, wanaume au wanawake. Kelele zikawa nyingi, kila mtu na fatwa yake. Mzee mmoja aliyezoea kuosha akasema ndoo zijazwe, akaingia, akafunga mlango. Akatoka baada ya muda maiti amekafiniwa. Mpaka mzee yule alipofariki hakuna aliyemsikia akisema neno juu ya alichokiona, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Nimeifikiria sana kazi ya yule mzee. Kwetu hiyo inaitwa sitara. Anayeshika habari za mtu asiyeweza tena kujisemea anatakiwa kuwa hivyo, awe mwosha au msimamizi wa seva. Lakini pia naona mtaa mzima ulijifanya mwosha bila kuosha. Walifunika mwili wakafunika na maisha, ukawa huwezi hata kusema kwamba marehemu alikuwa akiimba vizuri, maana utaulizwa alikuwa akiimba wapi. Yule mzee alifunika cha kufunikwa, na maiti akazikwa kwa heshima kama maiti wengine. Kwenye programu nilitaka kufanya hivyo hivyo: kilicho cha siri kifichwe kabisa, kilicho cha maisha kibaki.

Haya, tulichofanya ni hiki. Wapenzi wa ufundi ndipo mlipokuwa mkisubiri.

1. Hakuna seva wala mtandao. Kompyuta ni ya zamani, kadi ya Wi-Fi nimeing'oa kwa bisibisi. Kurasa ni faili za maandishi matupu ndani ya kasha la VeraCrypt.

2. Picha zote huoshwa kwanza. Picha ya simu hubeba ndani yake saa, aina ya simu, na mara nyingi mahali ilipopigwa, mpaka mlango wa nyumba. Amri ni moja: exiftool -all= picha.jpg. Baada ya hapo tunazikata, asibaki mtu aliye hai hata bega.

3. Sauti hatuweki. Anayesimulia anaandikiwa, halafu anasomewa, na ana haki ya kusema "hilo toa" mpaka dakika ya mwisho.

4. Neno la siri halijulikani na mtu mmoja. Hata mimi silijui.

Hilo la nne nalieleza, kwa kuwa ni moja ya mambo mazuri zaidi niliyoyajua katika fani hii. Mwaka 1979 Adi Shamir alionyesha namna ya kugawa siri baina ya watu. Chukua karatasi ya mraba. Chora mstari ulionyooka, na siri yako iwe pale mstari unapokata mhimili wa wima. Tuseme siri ni 5. Mtu wa kwanza mpe nukta moja ya mstari: kwenye 1, kimo ni 8. Wa pili mpe nyingine: kwenye 2, kimo ni 11. Wakikutana wanaunganisha nukta zao, mstari unarudi nyuma mpaka kwenye 0, na kimo ni 5. Lakini mwenye nukta moja peke yake hana kitu, maana kwenye nukta moja hupita mistari isiyo na idadi, na kila mmoja unakata mhimili mahali pake. Hajajua nusu ya siri. Hajajua chochote.

Ukitaka lazima wakutane watatu, unatumia mchirizi uliopinda badala ya mstari. Kwenye Linux ipo programu ya ssss inayofanya hesabu hizi kwa namba kubwa, na siri yenyewe isizidi herufi 128:

ssss-split -t 3 -n 5

Vipande vitano, na vitatu vyovyote vinafungua. Watano hao wameteuliwa na dada, wengine siwafahamu wala sitaki kuwafahamu. Mmoja akikamatwa, hata akipigwa, hana cha kutoa. Wawili wakifa au wakienda Gulf, waliobaki wanafungua.

Sasa ndani mna nini? Nilikuwepo wakati wa kurasa za kwanza, nimepewa ruhusa ya kutaja machache, na baadhi nimeyageuza ili asitambulike mtu.

Kuna aliyekuwa akipamba maharusi. Alikuwa hataki kuona waridi la plastiki. Asmini alizifuata mwenyewe alfajiri, na bibi harusi asiyekuwa na pesa alimpamba kwa deni ambalo hakulidai.

Kuna mwanamke aliyekuwa mlinda lango wa timu ya mtaa na fundi wa friji. Daftarini alikuwa na neno moja, "homa". Ukurasani mwake sasa mna mistari arobaini na kitu, mingi ikiwa ni ubishi wa marafiki wawili kuhusu penalti moja aliyoidaka, kama aliidaka kweli au mpira uligonga mwamba. Ubishi tumeuacha kama ulivyo.

Kuna aliyeuza viazi karai, na ukwaju wake watu walivuka feri kuufuata. Kipimo cha pilipili hakuna aliyekijua. Watu watatu wamejaribu kukiandika na hawakubaliani.

Na kuna zile kurasa tatu zilizogandana. Tulizitia mvuke, tukazipiga picha kwa taa ya pembeni, nikajaribu kuongeza weusi wa wino kwa GIMP. Ukurasa mmoja umesomeka karibu wote. Wa pili tumepata majina manne. Wa tatu hakuna kitu. Dada amekataa tuuache, kwa hiyo una faili lake, na ndani yake pameandikwa kwamba hapa palikuwa na watu.

Wapo wasiokubaliana nasi. Kijana mmoja wa jamii aliniambia waziwazi kwamba yeye akifa anataka asiandikwe popote, ameshachoka kuandikwa. Tumeweka sheria kwamba aliyekataa akiwa hai harudishwi akiwa maiti, na jina lake limekwenda kwa wale watano ili wajue. Na mzee mmoja ninayemheshimu alinishauri niwaachie Mungu watu wake. Nilimjibu kwa adabu kwamba kwa Mungu wamekwisha fika. Mimi ninashughulikia daftari.

Kazi haijaisha. Natafuta njia ya kuweka nakala nje ya Mombasa bila kulazimika kumwamini mtu mmoja, na karatasi nzuri ya kuchapia vile vipande vya siri, isiyooza kwa unyevu wa pwani. Mwenye uzoefu wa mambo hayo mawili naomba ushauri wake. Msiniulize majina.

Na leo jioni fungueni mipangilio ya kamera za simu zenu, mzime ile sehemu ya kuhifadhi mahali. Hilo halihitaji uwe na daftari la mtu yeyote.

Wiki ijayo SQLite, kuanzia pale kwenye JOIN.